Mafuta Gani? Historia Fupi ya Maneno ya Kulainishia, Kutoka Deheni ya Jahazi hadi Pampu ya Injini ya Kupachika

Katika vitabu vingi vya maelekezo ya injini za kupachika, zile zinazofungwa nyuma ya boti na kushusha mguu wake majini, pana mahali ambapo fundi huagizwa kubadilisha impela ya pampu ya maji, yaani kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi kinachovuta maji ya bahari ili yapoze injini. Kabla ya kuirudisha mahali pake huagizwa aipake kitu cha kuitelezesha. Agizo hilo ni la mstari mmoja tu, na mfasiri mwenye haraka hulimaliza kwa maneno mawili: "Paka mafuta." Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo mawili hayatoshi, kwamba wazee wetu wa pwani wasingeridhika nayo, na kwamba historia ya lugha yetu yenyewe inatufundisha namna ya kuyasahihisha.

Kivukoni na swali la fundi

Wasomaji wengi wanaifahamu Kivukoni ya Dar es Salaam. Jina lake halihitaji kamusi: ni mahali pa kivuko, pa kuvukia kwenda Kigamboni. Barabara yake ya ufukweni iliitwa Azania Front wakati wa utawala wa Waingereza. Baada ya uhuru jina la Kiswahili likashika mahali pake. Pantoni huvuka hapo kutwa kucha, na kando yake lipo soko la samaki la Magogoni, ambalo wenyeji huliita Feri, neno la Kiingereza lililokwisha kuwa la Kiswahili kwa kuzoewa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kijitabu cha matunzo ya injini za kupachika, kilichokuwa kimekwisha kufasiriwa na kugawiwa kwa wavuvi. Tuliombwa tukipitie, kwa sababu palikuwa na malalamiko. Tulikwenda nacho ufukweni tukaonana na fundi mmoja mtu mzima, ambaye tangu ujana wake kazi yake ni injini za boti. Baada ya kuamkiana alikichukua kijitabu, akakifungua penye ukurasa wa pampu, akasema, "Wanangu, ninyi watu wa vitabu mmeandika 'mafuta'. Mimi hapa nina petroli, nina oili ya kuchanganya, nina oili ya gia, nina grisi, nina mafuta ya taa ya kuoshea, na nyumbani mama watoto ana mafuta ya nazi. Yote ni mafuta. Mlitaka yapi?"

Kisha alitueleza kisa kilichozaa malalamiko. Kijana mmoja alifunga impela mpya kwa kufuata kijitabu. Aliipaka kwa wingi grisi aliyokuwa nayo, ya magari, na boti ikakaa nchi kavu majuma kadhaa kwa sababu ya pepo za kusi. Siku ilipoteremshwa majini, mpira ulikuwa umevimba na kushika ukuta wa pampu. Mapezi yalikatika, vipande vikaziba njia za maji, na injini ikapata moto ikazima mbele ya lango la bandari, mahali penye mkondo na njia ya meli kubwa. Boti nyingine iliwavuta hadi pwani. Hapakuwa na aliyeumia, lakini injini iliharibika, na kwa mvuvi injini ni mtaji wa miaka. Fundi hakumlaumu kijana. Alisema kijana alitii alichoandikiwa.

Tulirudi ofisini na swali la fundi, na hilo ndilo lililotusukuma kutazama nyuma.

Maneno ya vyombo vya kale

Neno mafuta ni la asili ya Kibantu na ni la kale sana. Ndugu zake tunawaona kote: Waganda husema amafuta, Wanyarwanda amavuta, Wakikuyu maguta, Wazulu amafutha. Katika lugha yetu jamaa yake ni ufuta, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa. Kwa hiyo mafuta lilikuwa tangu awali neno pana lenye kukusanya kila kinachoteleza na kuwaka, kitokacho katika mbegu, nyama au samaki.

Lakini kwa mabaharia na mafundi wa vyombo upana huo haukufaa. Kazi ya chombo ilidai majina mahsusi, na lugha ikayatoa. Sehemu ya chombo inayokaa majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama uliozuia maji na wadudu watobozi wa mbao. Neno hili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mafuta, lakini Kiswahili hakikulichukua ili kurudia kile ambacho mafuta limekwisha kusema. Kilipunguza maana yake likawa jina la kitu kimoja chenye kazi moja. Mafuta yenyewe ya mnyama, yaliyoganda, yaliitwa shahamu, neno jingine la asili ya Kiarabu. Mbao za juu, zisizozama, zilipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, hasa ya maini ya papa, ambayo harufu yake haimpotei aliyewahi kupanda jahazi. Na kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta iliitwa kalafati, mfanyaji akawa mkalafati.

Tazama mpangilio huo. Deheni ni ya chini, sifa ni ya juu, shahamu ni mali ghafi, kalafati ni kazi. Bwana chombo aliyemwagiza kijana wake wakati wa bamvua, chombo kikiwa kimepandishwa mchangani, hakuwa na haja ya kusema "paka mafuta". Angesema hivyo, angeulizwa swali lile lile tuliloulizwa sisi Kivukoni.

Elimu hii ni ya kale kuliko maandishi yetu wenyewe. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kuhusu safari za Bahari ya Hindi kinautaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na kueleza kwamba umepewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, kama ulivyokuwa mtepe, hakina misumari. Kinategemea kamba na mbao ziwe laini, zisikauke wala kupasuka. Msafiri Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza kwamba vyombo vya kushonwa vya huko vilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba haya ya papa ndiyo yaliyokuwa bora. Akataja na sababu: kuilainisha mbao ili istahimili kugonga miamba. Naye Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, aliona vyombo vya Hormuz vikipakwa mafuta ya samaki.

Maelezo ya Ibn Jubayr yanastahili kutafakariwa na kila mfasiri. Ametaja mafuta matatu kwa majina, amesema lipi bora, na ameeleza kazi inayokusudiwa. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo fundi wa Kivukoni aliyakosa katika kijitabu chetu.

Kuja kwa mashine na kupanuka kwa neno

Ni nini basi kilichotokea kati ya jahazi na injini? Jibu letu ni kwamba mashine zilikuja na mafuta mengi kwa muda mfupi, na neno la jumla likabebeshwa mzigo wote. Kwanza yalikuja mafuta ya taa, ambayo angalau yalitajwa kwa kazi yake. Kisha ikaja petroli, kisha dizeli. Bandari ya Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid bin Said aliianza katika miaka ya 1860 penye kijiji cha wavuvi cha Mzizima, ilifanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, nayo reli na meli za moshi zikaleta karakana. Mafundi wa karakana hizo na za zama za Waingereza hawakungoja kamati. Waliyachukua majina waliyoyasikia na kuyatia irabu: grisi, oili, gia, spana, nati, bolti, pistoni. Walifanya kama watu wa mji walivyofanya kwa Kariakoo, jina lililotokana na jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na ambalo leo hakuna anayeliona kuwa geni.

Mwaka 1966 kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni, ng'ambo ya pili ya maji kutoka Kivukoni, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Zambia. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini athari yake katika lugha ilikwisha kukaa: katika magazeti na hotuba, mafuta lilikuwa sasa kwanza kabisa kitu cha kuendeshea magari na uchumi. Mama aliyekwenda sokoni aliendelea kununua mafuta ya kupikia na ya kujipaka. Neno moja likawa na nyumba nyingi.

Wakati huo huo kazi ya kusanifisha istilahi ilikuwa ikiendelea. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1967, lilipewa jukumu pana zaidi la maendeleo ya Kiswahili, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa orodha za tafsiri sanifu. Katika kazi hiyo mojawapo ya maneno yaliyojitokeza kwa dhana hii ni lile linalotokana na laini: lainisha, kisha kilainishi, na pengine kilainisho.

Haya mawili yanafaa kutofautishwa. Kiambishi tamati -o aghalabu hutaja chombo au tokeo la tendo, kama katika kifuniko na kizibo. Kiambishi -i hutaja mtenda, kama katika msomi na kinyozi. Kinachowekwa kati ya vitu viwili ili visisuguane ndicho kinachotenda kazi ya kulainisha, kwa hiyo kilainishi kinafaa zaidi, na ndicho kilichoenea katika matumizi ya serikali, ambako "mafuta na vilainishi" hutajwa sasa kama bidhaa mbili. Wako wanaolilaumu neno hili kwamba ni la ofisini na kwamba halisikiki Gerezani, kwenye maduka ya vipuri na mafundi. Ni kweli. Lakini hata neno vipuri linaishi bega kwa bega na spea, na kila moja lina mahali pake. Kilainishi ni jina la jamii. Grisi na oili ni majina ya watoto. Mfasiri anahitaji yote.

Kwa nini pampu hii inadai neno sahihi

Mfasiri hawezi kuchagua neno bila kufahamu kazi ya kitu, kwa hiyo tuieleze pampu yenyewe. Impela imekaa ndani ya kikombe, lakini si katikati yake. Imesogezwa upande mmoja. Inapozunguka, mapezi yake ya mpira hujikunja upande wenye nafasi finyu na kunyooka upande wenye nafasi pana. Yakinyooka huvuta maji, yakijikunja huyasukuma juu kwenye injini. Kwa hiyo mpira lazima uwe na mnyumbuko, na uguse ukuta bila kuung'ang'ania.

Hapo ndipo ulipo ubishi wa mafundi juu ya cha kupaka. Impela mpya ikifungwa kavu, mapezi huburuzwa katika mizunguko ya kwanza kabla maji hayajafika, nayo huweza kuungua au kuchanika kwa muda mfupi sana. Lazima basi kiwepo cha kuteleza. Lakini mpira wa asili huvimba na kulegea unapokaa na mafuta yatokanayo na petroli. Mpira wa neoprini, unaotumika katika impela nyingi, hustahimili zaidi, ila si bila mipaka. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea maji ya sabuni au gliserini: huteleza, hayaudhuru mpira, na husafishwa na maji ya kwanza yanayopita. Baadhi ya watengenezaji huagiza grisi maalumu isiyoondolewa na maji, na penye agizo la mtengenezaji, hilo ndilo la kufuatwa. Lakini grisi hiyo si kila grisi, na hapo neno la jumla linaangamiza.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vyetu hulisahau. Baada ya ile mizunguko ya kwanza, kilainishi cha pampu hii ni maji yenyewe. Yanapoza na yanalainisha kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu injini haiwashwi mguu wake ukiwa nje ya maji, hata kwa kujaribu tu. Mvuvi aliyeelezwa kwamba "mafuta" ndiyo yanayoilinda impela ataona ameilinda, ataiwasha ufukweni kuonyesha kwamba inanguruma, na ataiua papo hapo.

Tukiitazama injini nzima tunaona kwamba swali la fundi lilikuwa na haki zaidi ya tulivyodhani. Injini ndogo ya mipigo miwili hula petroli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili kwa nyingi za aina hiyo. Gia zake za chini zimezama katika oili nyingine, nzito zaidi. Viungo vyake vya nje hutiwa grisi ya kuzuia chumvi. Na pampu yake inataka sabuni au gliserini. Kama zote zitaitwa mafuta, basi kijitabu kimegeuka kitendawili.

Mapendekezo

Hatupendekezi deheni wala sifa vifufuliwe ili vitumike kwa injini. Deheni ina kazi yake na bado wako mafundi wa majahazi wanaoijua. Kuihamishia kwenye pampu ni kuwanyang'anya neno lao. Sifa nalo limekwisha kuelemewa na maana ya wasifu na heshima. Tunachopendekeza kurithiwa ni desturi, si maneno: kila kinachopakwa kitajwe kwa jina lake na mahali pake. Kwa walimu wa ufundi, kwa mfano katika mafunzo ya uvuvi kama yale ya Mbegani karibu na Bagamoyo, na kwa wafasiri wa serikali, tunaweka mbele maneno yafuatayo:

Kilainishi: jina la jumla la kitu chochote kinachopunguza msuguano, kiwe mafuta, sabuni, maji au unga.

Oili: kilainishi cha majimaji cha mashine. Kisiachwe peke yake. Kiambatishwe na kazi yake, kama oili ya kuchanganya au oili ya gia.

Grisi: kilainishi kizito kisichotiririka. Kielezwe kama ni ya magari au ni ya majini.

Impela: kigurudumu cha pampu kinachosukuma maji. Kisichanganywe na rafadha, ambayo iko nje na husukuma chombo.

Pezi: kila jani moja la impela. Neno hili, la samaki, linafaa kwa sababu linabeba pia maana ya kunyumbuka.

Mafuta: libaki kwa matumizi ya kila siku. Katika maagizo ya kazi lisisimame kamwe bila kiambatisho.

Kwa mfano, agizo lililoleta balaa lilisomeka: "Paka mafuta kwenye mpira, kisha rudisha kikombe." Sisi tungeliandika hivi: "Lowesha mapezi ya impela na ukuta wa ndani wa kikombe kwa maji ya sabuni, au kwa kilainishi alichokitaja mtengenezaji. Usitumie petroli, oili chafu wala grisi ya magari. Shusha kikombe taratibu huku ukizungusha mhimili kwa upande ambao injini huzunguka, ili mapezi yote yalale upande mmoja. Usiwashe injini kabla mguu wake haujazama majini."

Tafsiri hii ni ndefu mara kadhaa kuliko asili yake, na wako wakuu wa idara watakaolalamikia karatasi. Tunawajibu kwamba mwandishi wa asili aliwaandikia watu wenye duka la wakala karibu, mahali ambapo chupa sahihi ina maandishi yake. Mfasiri wa Kiswahili anamwandikia mtu aliye Kivukoni, au Kilwa, au Mafia, mwenye chupa zisizo na maandishi, ambaye pengine hana ila kijitabu kile. Urefu wa agizo upimwe kwa haja ya msomaji.

Tulipoyamaliza masahihisho tulimrudishia fundi ukurasa ule autazame. Aliusoma mara mbili, akauliza kama sabuni ya unga nayo inafaa, tukaandika "sabuni ya maji". Hilo lilikuwa sahihisho lake, nasi tumeliweka katika toleo jipya. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walio karibu na karakana, bandari na mialo, watuletee maneno yanayotumika huko kwa vitu hivi, pamoja na maelezo ya kazi yake, ili orodha hii isahihishwe na wale watakaoitumia.